Sura ya Sita: Taa ya Tatu

Aliyenishtua alikuwa dereva wa lori la mafuta. Tulikuwa tumesimama Chimala, karibu na pale barabara ya Matamba inaposhuka kutoka mlimani na kukutana na lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, jua limezama lakini giza bado halijashika. Alishuka kwenye kichwa cha lori lake, akaja hadi dirishani kwangu, akaniamkia, kisha akasema: "Mzee, nimekufuata tangu Igawa. Taa yako ya juu ya breki haiwaki. Mara mbili umeshika breki nimechelewa kukuona."

Nilimshukuru. Baada ya yeye kuondoka nilibaki nimekaa, mikono juu ya usukani, nikifikiria maneno "mara mbili." Kwa saa nzima nilikuwa nimeendesha nikiimba na redio, nyuma yangu kuna lori lenye maelfu ya lita za mafuta, na dereva wake anakisia tu kama ninasimama au ninaendelea. Ndiyo maana taa hii nimeipa sura yake peke yake, ingawa katika vitabu vingi vya magari hutajwa kwa mstari mmoja.

Chukua kwanza zile taa mbili za pembeni. Zina kazi mbili kwa rangi moja. Ukiwasha taa za usiku, zinawaka nyekundu. Ukikanyaga breki, zinawaka nyekundu zaidi. Kwenye gari nyingi za Kijapani tunazonunua zikiwa zimetumika, kazi zote mbili hufanywa na globu moja yenye nyuzi mbili ndani yake, mmoja wa wati 5 na mwingine wa wati 21. Mtu wa nyuma analazimika kupima kiasi cha wekundu: je, huu umeongezeka, au ni macho yangu yamechoka? Mchana si tabu. Jioni, gari likiwa na tope la bonde la Usangu, kupima huko ni kazi ngumu. Msimu wa mpunga, gari linalotoka mashambani huko Mbarali na kupanda lami huwa limepakwa tope kuanzia bampa hadi nusu ya taa, na tope hilo likikauka hugeuka ukoko wa kijivu ambao hauachii mwanga kupita.

Taa ya tatu iko juu, mara nyingi ndani ya kioo cha nyuma, mahali ambapo tope halifiki. Haina kazi nyingine. Inakaa kimya safari nzima, na ikiwaka ina neno moja tu: nasimama. Zaidi ya hayo, kwa sababu iko juu, dereva wa gari la tatu nyuma anaweza kuiona kupitia vioo vya gari lililo kati yenu, akaanza kupunguza mwendo kabla jirani yako hajaamua.

Wazo hili lilipimwa kwenye teksi. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alifunga taa ya nyongeza ya nyuma kwenye teksi 343 za San Francisco, akaacha teksi nyingine 160 zilivyo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 yaliwashangaza wengi: teksi zenye taa ziligongwa kwa nyuma pungufu kwa asilimia 60.6. Majaribio mengine yalifuata, na Marekani ikaifanya taa ya tatu kuwa ya lazima kwa magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1986, na kwa pikapu na magari ya mizigo midogo kuanzia matoleo ya 1994. Baadaye, mwaka 1998, mamlaka yao ya usalama barabarani ilirudi kuhesabu ajali halisi na kukuta kwamba, baada ya madereva wote kuizoea taa hiyo, faida ilikuwa imeshuka hadi asilimia 4.3. Wapo wanaoitumia namba hiyo kuidharau taa. Mimi naisoma tofauti. Kwa kifaa ambacho moyo wake ni globu ya bei ya soda, kuzuia ajali nne za kugongwa kwa nyuma katika kila mia, mwaka hadi mwaka, bila dereva kufanya lolote zaidi ya kukanyaga breki kama kawaida yake, ni jambo kubwa. Na kwenye barabara kama yetu, ya njia moja kwenda na moja kurudi, ambako Noah, basi, lori la shaba kutoka Zambia na bodaboda vinafuatana kwa ukaribu, sitaki kuwa ndani ya hizo nne.

Asubuhi iliyofuata nikaenda dukani kwanza, kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Nikanunua globu ya LED, nikaiweka mfukoni, nikaendesha hadi kwa fundi umeme, kijana mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara na meza iliyojaa fyuzi zilizoungua. Nikamwambia: "Kijana wangu, nibadilishie tu hii."

Hakuipokea. Akauliza: "Mzee, za pembeni zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi hiyo kaa nayo kwanza mfukoni."

Swali lake moja lilikuwa limeshakata nusu ya kazi, na ningependa msomaji alishike. Umeme wa breki unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15 na kifuniko chake kimeandikwa STOP, unafika kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, na kutoka hapo unagawanyika kwenda taa zote tatu. Zote tatu zikifa kwa pamoja, tafuta kabla ya mgawanyiko: fyuzi, kisha swichi. Zote tatu zikiwaka bila kukanyagwa, hata ukiwa umezima gari, angalia kile kipande kidogo cha mpira au plastiki kwenye mkono wa pedali kinachoisukuma swichi. Kikizeeka humeguka kikaanguka, swichi inabaki inadhani umekanyaga, na asubuhi unakuta betri imelala. Ya tatu ikifa peke yake huku wenzake wako hai, fyuzi na swichi hazina kosa, na kuzihangaikia ni kupoteza muda. Ugonjwa uko baada ya mgawanyiko: globu yenyewe, kitako chake, waya wa kuifikia, au eathi yake, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi.

Akafungua kifuniko cha plastiki kwa vidole, akaizungusha soketi robo, akaitoa globu. Ilikuwa ile isiyo na kitako cha chuma, ya kusukuma tu, wati 16. Akaiinua hadi usawa wa macho dhidi ya mwanga wa mlango, na mimi nikachungulia pamoja naye. Uzi ulikuwa mzima. Kioo hakikuwa na weusi hata kidogo. "Hii haijaungua," akasema, akaiweka mezani kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai.

Kisha akachukua mita. Ncha nyeusi kwenye bodi la gari, ncha nyekundu ndani ya soketi, na msaidizi wake akakanyaga pedali. Kama huna msaidizi, kipande cha mti kati ya kiti na pedali kinatosha. Mita ikasoma volti 12.2. Mimi nikaona kesi imekwisha: umeme upo, globu nzima, kwa hiyo kitako ndicho kibovu. Yeye akatikisa kichwa. Akairudisha globu kwenye soketi, akachomeka ncha za mita kwa nyuma yake, akaagiza pedali ikanyagwe tena. Volti 1.8. Globu haikuonyesha hata dalili ya wekundu.

Mtu yeyote aliyelima majaruba ya Usangu ataelewa kilichotokea. Mfereji ukizibwa na majani na tope ukabaki tundu la kidole, na huku chini hakuna anayefungulia maji, yale machache yanayopenya yatajaa polepole hadi usawa wa chini ulingane na wa juu. Ukipima kwa kijiti utaapa kwamba mfereji ni mzima. Fungulia jaruba moja tu, maji yanakauka mbele ya macho yako. Mita ni kijiti kile: haichoti chochote, inapima usawa tu. Globu ya wati 16 inachota karibu ampea 1.3, na waya uliobaki na nyuzi mbili tatu za shaba hauwezi kuipitisha. Kwa hiyo waya wa taa upimwe ukiwa umebeba mzigo wake. Testa ya globu, ile ya kizamani ambayo mafundi vijana wanaicheka, huwa na ukweli kuliko mita ya kidijitali katika kazi hii, kwa sababu inachota.

Nikamwomba jambo moja kabla hajaendelea: aijaribu ile LED yangu hapo hapo, kwenye waya ule ule mgonjwa. Akaisukuma ndani, msaidizi akakanyaga, na taa ikawaka. Nyekundu, kali, nzuri kabisa.

"Umeona, mzee? Ungelipa, ungeshukuru, ungeondoka."

Sijasahau dakika ile. LED inachota kama ampea 0.2 au chini ya hapo, kwa hiyo ule upenyo wa kidole uliitosha. Ingewaka wiki, labda mwezi, hadi uzi wa mwisho wa shaba ukatike, na siku hiyo ningekuwa na imani kamili na taa iliyokufa. Ninawaomba wote wanaobadili globu za uzi kuweka LED kwa sababu ya zamani "imegoma": hakikisheni kwanza kwamba ya zamani inaweza kuwaka.

Kwenye gari kama Noah yangu, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, fundi mzoefu hatafuti mbali. Pale kwenye bawaba kuna mpira mweusi kama bomba lenye mikunjo, unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hujikunja, ukifungwa hujinyoosha. Noah iliyobeba abiria na magunia kwa miaka imefunguliwa mlango huo mara maelfu. Akauchomoa mpira, akaurudisha nyuma kama anavua soksi, na ndani yake tukakuta waya wa kurusha maji ya kioo umekatika kabisa, na ule wa taa ya breki ganda lake limepasuka, shaba imegeuka kijani, umebaki unaning'inia kwa nyuzi ambazo ningeweza kuzihesabu.

Namna alivyounganisha ndiyo iliyonifanya nimwamini. Wengi hukata, husokota, huzungushia tepu ya umeme, wakamaliza. Tepu hulainika kwa joto, hufunguka, na unyevu huingia. Yeye aliondoa kipande chote kilichooza, akapita na waya mpya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, mrefu kidogo kuliko wa zamani ili usivutike mlango ukiwa wazi. Maungio akayaweka mawili, moja ndani ya bodi na jingine ndani ya mlango, mbali na mkunjo. Waya uliochomewa kwa risasi unakuwa mgumu pale ulipochomewa, na ukikunjwa hukatika kwenye ukingo wa ule ugumu, kwa hiyo ungio likikaa kwenye bawaba umetengeneza kidonda kipya. Akavalisha kila ungio mpira wa kusinyaa, akapitisha moto wa kiberiti kwa mbali hadi ukashika.

Globu ya zamani ikarudi kwenye soketi. Ikawaka. Volti 11.8 huku imebeba mzigo wake. Hapo ndipo aliponyoosha mkono: "Sasa nipe hiyo yako."

Unaweza kuuliza kwa nini kubadili, ikiwa ya zamani imepona. Sababu ya kwanza ni sekunde 0.2. Uzi wa globu hautoi mwanga mpaka uchemke, zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kuchemka kunachukua karibu moja ya tano ya sekunde. LED haichemki. Tangu Nick Holonyak alipoonyesha ya kwanza yenye mwanga mwekundu unaoonekana, mwaka 1962, sifa yake imekuwa ni hiyo: umeme ukifika, mwanga umefika. Gari lililo nyuma yako likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo moja ya tano ya sekunde ni mita 4 na zaidi, karibu urefu wa Noah yenyewe. Kwa mwendo wa 50, ule unaotakiwa unapopita katikati ya Chimala, ni karibu mita 3. Kuna watoto wanaovuka pale na ndoo za maji wenye hatua fupi kuliko hizo mita 3.

Sababu ya pili ni barabara. Inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba na uwanda wa Kitulo ina kona 57, na wenyeji wameifanya hesabu hiyo kuwa jina lake: Hamsini na Saba. Uzi wa globu ukiwa umechemka ni laini, na mtikisiko huukata. LED haina uzi wa kukatika.

Katika kuchagua, nunua LED nyekundu kwa kifuniko chekundu. Nyeupe inaonekana kali mkononi, lakini sehemu kubwa ya mwanga wake ni ya buluu, kijani na manjano, na kifuniko chekundu huzuia hizo zote. Kinachobaki ni kidogo na huelekea upinki. Angalia pia kama imeandikwa kuhimili hadi volti 14 na kitu, maana injini ikiwaka na jenereta ikichaji, gari la "volti 12" huwa na 14 au zaidi, na LED isiyo na kidhibiti huchoka mapema. Ukiisukuma isipowaka, itoe, igeuze upande, irudishe, kwa sababu LED ina chanya na hasi wakati globu ya uzi haijali. Baadhi ya magari ya Ulaya hupima globu zake kwa umeme mdogo, yakikosa mzigo yanawasha onyo kwenye dashibodi au LED inapepesa. Kwa hayo kuna LED zilizotengenezwa maalumu.

Na zile zinazopepesa kwa makusudi, au za buluu na kijani zinazouzwa pamoja nazo, ziacheni dukani. Dereva aliyechoka, aliyetoka Dar es Salaam akivuka Kitonga na Makambako, amezoea rangi moja kwa maana moja. Kumfanya afikirie ni kumnyang'anya ile sekunde 0.2 uliyomnunulia.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Siku tatu baadaye nilipanda Matamba kufuata viazi, nikashuka jioni, kona zote 57 nikiwa na gunia nne nyuma. Nilipofika chini nikawasha taa za usiku, na kwenye kioo cha ndani nikaona wekundu hafifu juu ya kioo cha nyuma. Mguu wangu haukuwa kwenye breki. Taa ya tatu ilikuwa inawaka yenyewe, kwa mbali, kama kaa la moto linalokaribia kuzimika.

Nikaenda moja kwa moja kwa kijana wangu, akiwa anafunga kibanda. Alisikiliza, akasema: "Zima taa. Kanyaga breki. Angalia dashibodi." Nikakanyaga, na taa za dashibodi zikawaka kwa mbali.

"Eathi ya nyuma," akasema, bila hata kugusa mita.

Taa zote mbili za pembeni zilikuwa zinashiriki nati moja ya eathi kwenye bodi, nyuma ya plastiki ya upande wa kushoto. Nati ikilegea, umeme unaoingia kwenye uzi wa wati 5 unakosa njia ya kurudi. Haukati tamaa: unapita kinyume kwenye uzi wa breki ulio ndani ya globu ile ile, unaingia kwenye waya wa breki, na kupanda hadi taa ya tatu, ambayo ina eathi yake mlangoni. Kiasi chenyewe ni kidogo mno kuchemsha uzi wa wati 16, kwa hiyo globu ya zamani ingekaa kimya na nisingejua kitu. LED, inayoridhika na kidogo, ilinisemea. Ile ile iliyotaka kunifichia ugonjwa wa waya ndiyo iliyoutoa hadharani ugonjwa wa eathi.

Alifungua nati kwa spana ya kumi. Chini yake palikuwa na kutu ya rangi ya ugoro. Akasugua kwa msasa hadi bati likang'aa, akasugua na jicho la waya, akapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza. Nikarudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta wa duka la jirani uliopakwa chokaa, nikawasha taa, nikakanyaga, nikageuka kuangalia. Taa za pembeni zilikuwa na nguvu ambayo sijaiona tangu nilinunue gari lile. Nikaelewa kwa nini yule dereva wa lori alichelewa kuniona: jioni ile nati ilikuwa imelegea, na hata hizo mbili nilizoapa kwamba zinawaka zilikuwa zikiwaka kwa unyonge.

Kijana alizima taa ya kibanda, akaokota kitu mezani, akanipa dirishani. Ni ile globu ya wati 16, nzima. Ninayo hadi leo kwenye kisanduku cha dashibodi, nimeifunga kwa karatasi.